Kabla Hujamwambia Sonara "Nataka Ving'ae"

Msimu wa harusi umefika na barua zenu zimenijaa mezani. Safari hii wengi mmeniuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Unataka kumtengenezeshea mwanamume vifungo vya shati, awe mume, mchumba, baba au kaka. Umefika kwa sonara, akakuuliza, "Unataka metali gani?" Ukamjibu, "Ile ya gold gold hivi," au, "Yoyote, bwana, mradi ving'ae." Sonara akatabasamu. Alikuwa na sababu: umemtajia rangi. Rangi ya dhahabu inaweza kuwa dhahabu yenyewe, inaweza kuwa shaba iliyosuguliwa vizuri, na inaweza kuwa mchovyo mwembamba utakaotoka kabla ya sherehe ya mwaka wa kwanza wa ndoa. Ukimwachia fundi akuchagulie, atakuchagulia kilichomo kabatini mwake siku hiyo.

Sogeeni basi tuzungumze kinaganaga.

Kwanza tujue tunazungumzia vitu gani. Kafulinki ni vile vifungo vya mikononi vya shati lenye kafu ndefu inayokunjwa mara mbili, ambalo fundi cherehani huliachia matundu matupu pande zote. Vifungo vya kifuani huvaliwa na shati la sherehe rasmi, lile la kuvaa na tai ya kipepeo. Kibanio cha tai kila mtu anakijua. Vijiti vya kola ni vipande vyembamba vinavyoingizwa chini ya ncha za kola ili isijikunje. Nanyi wa kanzu msijitoe: wapo wanaoshonesha kanzu zenye kafu kwa mtindo wa Saudia na majirani zake wa Ghuba, na hao kafulinki zinawahusu vilevile.

Msimamo wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: chagua metali ambayo fundi wa mjini kwenu anaweza kuiunga, kuinyoosha na kuing'arisha tena. Kifungo cha dukani kikivunjika utanunua kingine kama hicho. Ulichokiagiza kwa jina la mtu hakina pacha dukani. Kwa hiyo swali la metali ni swali la maisha ya kitu hicho baada ya wewe kulipa: kitavaliwa wapi, kitagusa ngozi ya nani, na siku kikilegea kitapelekwa kwa nani.

Fedha ndiyo ya kuanzia

Dada mmoja wa Mombasa ameniandikia kwa hasira. Alimwagizia mumewe kafulinki za fedha zenye muhuri wa 925, na baada ya miezi michache zimekuwa nyeusi. Anauliza, "Dada, nimeibiwa?"

Mdogo wangu, weusi peke yake si ushahidi wa wizi. Fedha tupu ni laini mno kwa kitu cha kufungwa na kufunguliwa, ndiyo maana mafundi huichanganya. Muhuri wa 925 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000, sehemu 925 ni fedha na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Fedha hiyo ikikutana na salfa iliyomo hewani hufanya utando mweusi juu yake. Unyevu wa pwani na jasho la mkono huharakisha kazi hiyo, na vivyo hivyo mpira, vitambaa vya sufu na moshi wa mjini. Unachopaswa kukichunguza ni kingo. Shaba iliyochovywa fedha nayo hupata weusi, lakini ikisuguliwa kingoni huanza kuonyesha manjano au wekundu chini yake. Fedha ya kweli ukiisugua utakutana na fedha tena.

Kuisafisha hakuhitaji dawa ya bei mbaya. Kwa weusi kidogo, kitambaa laini cha pamba kinatosha. Ukiwa mwingi, tandika karatasi ya foili ndani ya bakuli, upande unaong'aa ukiwa juu, weka vifungo viiguse foili hiyo, nyunyiza kijiko cha magadi ya kuokea, kisha mimina maji ya moto. Alumini ya foili huivuta ile salfa na fedha hubaki ilipo, haikwanguki. Suuza, kausha vizuri. Usifanye hivyo kama kifungo kina jiwe, lulu au gundi, wala kama fundi aliacha weusi kwa makusudi ndani ya nakshi. Na tafadhali acheni dawa ya meno! Ina chembechembe za kusugua, na mikwaruzo itakayobaki mtaiona juani.

Kikiwa hakivaliwi, kiwekwe kwenye kifuko cha plastiki cha kufungwa, pamoja na kipande cha chaki cha kunyonya unyevu. Msivifunge kwa mpira wa bendi.

Kwa nini basi naitetea metali inayonuna hivi? Kwa sababu kila sonara anaijua. Fedha ya 925 huyeyuka karibu na nyuzi 900 za Selsiasi, joto ambalo tochi ya gesi ya sonara wa kawaida inalifikia. Lamu, Mombasa na Mji Mkongwe wa Unguja kuna koo zilizofua fedha vizazi kwa vizazi. Pete za Lamu zenye vigae vya vyombo vya kale vya kauri zinatoka kwenye mikono hiyo. Fedha hupokea nakshi na herufi za jina bila ubishi. Ikipinda, hunyooshwa. Kiungo kikiachia, huungwa kwa lehemu ya fedha, na ukipiga msasa hutaona mahali kilipoungwa.

Nani anastahili dhahabu, na ya karati ngapi

Binti wa Dodoma anataka kafulinki za karati 24 kwa mchumba wake, "kwa sababu yeye ni safi na anastahili kilicho safi." Mapenzi hayo nayaheshimu. Karati 24 naikataa.

Dhahabu tupu ni laini. Mkono wa mwanamume ofisini hugonga meza, kompyuta na mlango wa gari kutwa nzima, na kifungo chenyewe kina mhimili unaozungushwa kila asubuhi na kila jioni. Karati 22, yenye muhuri wa 916, ndiyo tuliyoizoea kwenye bangili na vidani vya harusi, lakini kwa kafulinki nayo hupinda upesi. Karati 18, muhuri 750, yaani robo tatu ni dhahabu, ina rangi nzuri na ugumu wa kutosha. Karati 14, muhuri 585, ni ngumu zaidi na nafuu zaidi. Karati 9, muhuri 375, bado ni dhahabu kwa sheria za nchi kama Uingereza, ila rangi yake imepauka kidogo. Kwa mvaaji wa kila wiki mimi ningechukua 14. Kwa siku kubwa za maisha, 18.

Kumbukeni pia kwamba dhahabu huuzwa kwa gramu, nayo ni nzito. Tuchukue jozi ya kafulinki inayotoka gramu 16 ikiwa ya fedha. Umbo lilelile, bila kuongeza hata unyoya, litakuwa karibu gramu 24 kwa dhahabu ya karati 18. Kwa shaba ya manjano ni kama gramu 13, kwa stenlesi 12, kwa titani 7 tu. Kwa hiyo anayehamia dhahabu hulipa mara mbili: bei ya gramu inapanda, na gramu zenyewe zinaongezeka. Ukiambiwa bei ndogo kwa jozi kubwa nene ya "dhahabu", piga hesabu hiyo kabla hujafurahi.

Ipo pia dhahabu nyeupe. Weupe wake hutoka kwenye paladiamu au nikeli iliyochanganywa ndani, na mara nyingi juu huchovywa rodiamu ili ing'ae. Mchovyo huo ukilika, rangi hurudi kwenye ukijivu wenye umanjano, na kifungo lazima kirudi kuchovywa. Uliza kama fundi wako ana mtambo wa kuchovya au hupeleka mji mwingine.

Sasa jambo ambalo wengi hulikumbuka zawadi ikiwa tayari imefungwa utepe. Muulize dini yake. Mwanamume Mwislamu haruhusiwi kuvaa dhahabu, fedha ameruhusiwa. Nimepata barua zaidi ya moja za wake walioshangaa kwa nini kafulinki zao za gharama zimelala kwenye sanduku. Dhahabu nyeupe nayo ni dhahabu, msijifiche nyuma ya rangi. Kwa vitu vilivyochovywa tu, fatwa zinatofautiana, basi mwache aulize mwenyewe kwa sheikh wake. Kwa mwanamume wa namna hiyo fedha nzuri yenye nakshi ya mkono ndiyo zawadi ya kifalme, na mfuko wako utapumua.

Shaba haina kosa, kosa ni kuificha

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Ndiyo iliyopo kwenye misumari minene ya milango ya Zanzibar, na imestahimili humo upepo wa bahari kwa miaka mingi. Ni nzito mkononi, hukatika vizuri, bei yake ni ya kibinadamu. Anayeipenda kwa jina lake hatajuta. Tatizo lake moja ni kwamba hupata ukijani, na ukijani huo huhamia kwenye kafu nyeupe. Mwambie fundi aipake vanishi ya metali upande unaogusa kitambaa, na mara mojamoja isugue kwa ndimu na chumvi, usuuze upesi na kukausha.

Kinachoniudhi ni shaba iliyovikwa joho la dhahabu na kuuzwa kimyakimya. Kuchovya si dhambi, lakini uulize mambo matatu. La kwanza, chini kuna nini: fedha, shaba au zinki ya kumwaga kwenye kalibu? La pili, mchovyo una unene gani? Mchovyo wa haraka hauzidi nusu ya maikroni, wakati unywele wa kichwani mwako una maikroni kama 70. Miongozo ya biashara ya Marekani hutaka angalau maikroni 2.5 za dhahabu juu ya fedha kabla kitu hakijaitwa vermeil, na hicho ni kipimo kizuri cha kumtajia fundi hata kama uko Morogoro. La tatu, kuna nikeli katikati? Wachovyaji wengi hutanguliza nikeli ili shaba isipenye na kuchafua dhahabu, na hapo ndipo mwenye ngozi nyeti anapopata shida.

Swali hilo la tatu linamhusu kaka wa Kisumu anayesema mkono humwasha chini ya saa na chini ya bizimu ya mkanda. Kaka, nenda kwa daktari wa ngozi upimwe, maana dalili hizo ni za wengi wanaodhuriwa na nikeli. Jambo hili si dogo: Umoja wa Ulaya uliweka sheria mwaka 1994 ya kudhibiti kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye vitu vya metali vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu. Wewe agiza fedha ya 925 isiyochovywa, na umwambie sonara kwamba hata mhimili na kijiti cha nyuma viwe vya fedha hiyohiyo. Mara nyingi uso wa kifungo huwa salama, kumbe nyuma pameunganishwa kifaa cha bei rahisi kilichonunuliwa kwa pakiti.

Kutoka Lubumbashi msomaji ananiambia anataka kumpa baba yake kafulinki za malakiti, lile jiwe la kijani lenye mawimbi linalotoka kwenye ardhi ya shaba ya Katanga, na anauliza alishikishe kwa metali gani. Malakiti ni laini. Kwenye kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachofika 10, lipo kati ya 3.5 na 4. Hata vumbi la mchanga wa kawaida huweza kulikwaruza. Kwa hiyo litake ukingo wa metali ulioinuka kidogo kuzunguka jiwe lote, ili meza igonge metali kwanza. Ukingo huo ufanywe kwa fedha, ambayo ni laini ya kutosha kukunjwa juu ya jiwe bila kulipasua. Shaba inapendeza kwa kuwa ni jamaa wa jiwe hilo, lakini siku utakapotaka kuing'arisha kwa ndimu, asidi itakula jiwe lenyewe. Mwambie fundi pia amalize kuunga na kusafisha kwa tindikali kwanza, jiwe liwe la mwisho kuingia.

Wa tanzanaiti nao wasikilize hapohapo. Jiwe letu la Mererani ni zuri kupita maelezo, lakini ugumu wake ni 6 hadi 6.5 na halipendi kugongwa. Kwenye kibanio cha tai halina wasiwasi. Kwenye kafulinki, lizamishwe ndani ya ukingo wa karati 18 au fedha nene, au mlibakize kwenye pete ya bibi harusi.

Metali za mashine

Msomaji wa Muscat anataka kitu ambacho mdogo wake anaweza kuvaa kila siku kazini bila kukifikiria. Huyo anatafuta stenlesi au titani. Stenlesi ya daraja la 316, inayotumika sana kwenye saa, ina kromiamu ndani yake inayotengeneza ngozi nyembamba isiyoonekana. Ukiikwaruza, ngozi hiyo hujirudisha yenyewe. Haipati weusi, jasho haliitishi. Ina nikeli ndani, lakini hutoa kidogo sana. Titani ni nyepesi chini ya nusu ya fedha, haina nikeli, na kwa umeme tu inaweza kugeuzwa rangi ya buluu au zambarau bila kupakwa chochote.

Hapo sasa nawakumbusha msimamo wangu. Titani huyeyuka kwenye nyuzi 1,668, na ikipata moto hewani hushikana na oksijeni na kuharibika. Kuiunga kunataka gesi ya argoni au mtambo wa leza. Sonara wa mtaani ataitazama, ataigeuza, kisha atakurudishia. Stenlesi ni rahisi kidogo, lakini nayo kazi yake ipo kwa mkereza vyuma mwenye mashine. Rangi ya umeme ikikwaruzwa haiwezi kuzibwa mahali pamoja. Kifungo kizima hurudiwa.

Kwa hiyo metali isiyotengenezeka mtaani ipewe umbo lisilovunjika. Ukiagiza stenlesi au titani, acha kafulinki yenye springi na bawaba. Chagua ile ya kipande kimoja: uso mmoja mkubwa, shingo, na kichwa kidogo upande wa pili, kama kifungo kilichomiminwa. Inachukua dakika ya ziada kuipitisha kwenye matundu, lakini haina cha kulegea. Herufi zake zichongwe kwa leza na zichongwe kina cha kutosha, maana za juujuu hufifia.

Kila kipande na tabia yake

Kafulinki ya fedha yenye kijiti kinachozunguka mara nyingi huwa na springi ya chuma cha pua ndani. Hilo si udanganyifu, springi ya fedha isingefanya kazi. Ila springi ikipashwa moto hupoteza nguvu zake, na ikipata maji huweza kutoa kutu. Fundi anayetaka kuunga kitu hapo aitoe kwanza, na wewe usiache kafulinki kwenye shati linalokwenda kufuliwa. Kama hupendi habari za springi, agiza za mnyororo mfupi wenye uso pande zote mbili. Ndizo za zamani, na kila sonara anajua kufua mnyororo.

Kibanio cha tai kinaishi kwa ubishi wa metali. Fedha ikishapigwa moto wa kuunga hulainika, na kibanio kilicholainika kitateleza kwenye tai siku ya pili. Mwambie fundi aipige nyundo au aipitishe kwenye roli baada ya kuunga ili irudi kuwa ngumu. Kijaribu hapohapo: kifungue kidogo, ukiachie, kirudi chenyewe. Urefu wake usizidi upana wa tai, robo tatu yake inapendeza, na hukaa kati ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati.

Vijiti vya kola havionwi na mtu, na ndiyo raha yake. Hapo hamna haja ya dhahabu. Vya plastiki hupinda vikisahaulika chini ya pasi, lakini bamba la stenlesi au la shaba ya manjano lenye unene wa milimita moja hivi linashika kola vizuri. Pimeni urefu kwenye shati lenyewe, maana kola hazilingani, na ncha ziviringwe na kupigwa msasa zisitoboe kitambaa. Mwenye kutaka kumwandikia mumewe neno la siri, fedha ikatwe vijiti viwili na neno lichongwe humo. Atalivaa mbele ya wakubwa zake wote kazini na hakuna atakayejua.

Vifungo vya kifuani viwe vidogo, vyepesi, na mgongo wake uwe laini kwa kuwa unalala karibu na kifua. Vikiagizwa pamoja na kafulinki, vitoke kwenye kipande kimoja cha metali ili rangi zisigombane.

Siku ya kwenda kwa sonara

Chukua shati lake lenye kafu. Kafulinki hupita kwenye tabaka nne za kitambaa, na shingo fupi itakaba wakati ndefu itaning'inia. Sonara apime juu ya shati, asikisie.

Kama una metali yako, tuseme bangili ya bibi au mkufu uliokatika, ipimwe uzito mbele yako na ijaribiwe kwa jiwe na tindikali, au kwa mashine ya mionzi kama ipo. Mkufu uliowahi kuungwa mara nyingi una lehemu nyingi ndani, na ukiyeyushwa mzima hutoa fedha iliyo chini ya 925. Fundi atalazimika kuongeza fedha safi. Kubalianeni mapema kiasi kitakachopotea kwenye moto na tupa, na unga wa tupa utabaki kwa nani. Wenye reale za Maria Theresa kwenye makasha ya ukoo, zile za mwaka 1780, mnazo karibu gramu 28 za fedha ya 833 kwa kila moja, zinazotosha jozi moja ya kafulinki. Nyingi zilipigwa miaka mingi baada ya 1780 kwa tarehe hiyohiyo, kwa hiyo tarehe peke yake haizifanyi kuwa adimu. Hata hivyo mwonyesheni mjuzi wa sarafu kabla ya moto, na waulizeni wazee wenu. Sarafu ikishayeyuka imeyeyuka.

Sumaku ndogo mfukoni inasaidia, ila msiipe cheo kisicho chake. Ikivuta uso wa kifungo, hiyo si dhahabu wala fedha. Isipovuta, hujathibitisha lolote, maana shaba nayo haivutwi. Ikivuta mahali pa springi tu, usianzishe ugomvi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti iandikwe aina ya metali, namba ya muhuri, uzito kwa gramu, unene wa mchovyo kama upo, na bei ikitenganishwa: ya metali kwa gramu ya siku hiyo, na ya ufundi. Ukiambiwa bei moja ya jumla bila mgawanyo, shukuru kwa chai uondoke.

Na fundi akikuletea pembe za ndovu au gamba la ng'amba apambe uso wa kifungo, kataa. Biashara hiyo ni haramu kisheria. Pembe ya ng'ombe iliyosuguliwa vizuri ndani ya ukingo wa fedha ina uzuri wake na haina kesi.

Jibu la mwisho: bwana harusi na wapambe sita

Bibi harusi wa Tabata anataka kafulinki za herufi kwa bwana harusi, baba zake wawili na wapambe sita, na bajeti yake, kwa maneno yake mwenyewe, "inalia." Mdogo wangu, usigawe pesa hizo kidogo kwa watu tisa ukapata jozi tisa za mchovyo. Bwana harusi mwagizie fedha ya 925, uso wa mviringo wa milimita 15 hivi, herufi zichongwe kwa mkono, tarehe ya ndoa nyuma. Baba zenu wapate shaba ya manjano yenye vanishi, herufi za ukoo, nene na nzito. Wazee hupenda kuhisi kitu mkononi. Wapambe sita wanunulie vifundo vya uzi vya rangi ya sare zenu. Vinavaliwa kwenye kafu ileile, bei yake haiumizi, na kwenye picha vinapendeza.

Agiza miezi miwili kabla, si wiki mbili. Jozi ya bwana harusi ikifika, mwambie aivae nusu siku akiwa na shati na koti, afungue na kufunga mwenyewe mara kadhaa. Kijiti kikilegea wiki hiyo, sonara wako yupo na tochi yake ipo. Kikilegea kanisani au kwenye nikahi, utakuwa na MC tu wa kukusaidia, na MC hana lehemu.

Haya, nimewachosha. Wenye maswali ya pete za kiume waandike mapema, maana hilo nalo lina kelele zake.

Dada yenu.